Kujitolea kulinda watoto wa sili Norfolk: kazi yenyewe ikoje?

Msafiri_Yarmouth

Wakuu, habari za baridi. Mimi niko Great Yarmouth, Norfolk, pwani ya mashariki ya Uingereza, napakia maboksi ghalani zamu ya usiku, na mwisho wa wiki huwatoa watoto tukapunge upepo. Jumapili tulifika Horsey, ufuko ulio kaskazini ya hapa. Tukakuta sili, wale wanyama wa baharini wenye mapezi, wamelala mchangani, wakubwa kwa vichanga vyeupe, wengi ajabu. Kamba zimefungwa kwenye matuta ya mchanga, na wazee waliovaa vizibao vya kung'aa wanawaelekeza watu wapite wapi.

Kilichonikera ni kimoja. Chini ya tuta palikuwa na mtoto wa sili peke yake, analia ungedhani ni mtoto wa mtu, na mama hayupo. Nikamwonyesha mzee mmoja, akatabasamu tu, akasema yuko salama, tumwache. Binti yangu wa miaka sita hakulala vizuri siku ile. Kila akishtuka: "Baba, mama yake karudi?"

Anayeijua kazi hii anisaidie. Kwa nini wanamwacha mtoto analia na wao wapo pale pale? Na mtu kama mimi, Kiingereza cha kuokoteza, kuogelea sijui, naweza kuomba kujitolea? Posho ipo?

Mpemba_London

Mkuu, umeandika kujitolea halafu unauliza posho 😂 Mimi nina swali moja tu: huyo mnyama analiwa au haliwi?

MamaTanga

Msafiri, mpe pole binti, na umwambie mama karudi. Sikuwepo siku hiyo, lakini ningeweka dau.

Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee huku Norfolk, na kila msimu najitolea ufuko huohuo, Horsey na Winterton. Hao uliowaona ni sili wa kijivu. Pwani hii wanazaa kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Januari. Mama akishanyonyesha hakai kumbembeleza mtoto. Anajivuta mpaka majini, anaelea hapo karibu kichwa tu kikiwa nje, anachungulia. Huyo mama unayesema hayupo, huenda alikuwa anakuangalia wewe. Ukiganda pale kumhurumia mtoto, yeye hatoki majini. Ukiondoka anapanda, wananusana pua kwa pua, maana anamjua wake kwa harufu na kwa sauti, kisha anageuka ubavu ananyonyesha.

Sasa sikia kwa nini tunakuwa wakali. Mtoto anazaliwa na kilo 14 hivi, na kunyonya ni wiki tatu tu. Katika wiki hizo anaongezeka karibu kilo 2 kwa siku, kwa sababu maziwa yenyewe nusu yake au zaidi ni mafuta. Mama hali kitu muda wote huo, anayeyusha mwili wake. Wiki ya tatu ikiisha anapandwa na dume, anaingia baharini, basi, hawajuani tena. Kwa hiyo mbwa akimkurupusha mama mara moja, mtoto kakosa mlo ambao hatafidiwa. Akishaachwa anakaa mchangani wiki kadhaa bila kula, anaishi kwa mafuta aliyojiwekea, manyoya meupe yanapukutika, mpaka njaa imsukume majini. Kuvua hafundishwi na mtu.

Ndiyo maana tunawasoma kwa macho tukiwa mbali. Wa siku moja au mbili ngozi imemzidi, imekunjamana ubavuni, manyoya yana umanjano na kitovu bado chekundu kinaning'inia. Akifika wiki moja mikunjo imejaa. Wiki ya tatu ni pipa jeupe, shingo huioni. Huyo hata akilia mwache alie. Nikiona shingo imejichora na nyonga zinatokeza, hapo ndipo nachukua redio.

Na sikufichi: asilimia kubwa ya kazi si kuwachunga sili, ni kuwachunga watu. Wabaya wako wachache. Wanaotusumbua ni wenye huruma. Msimu uliopita nilimkuta bwana mmoja, mtu mzima, heshima zake, karuka kamba kachuchumaa anammwagia mtoto wa sili maji ya chupa. Desemba hiyo, upepo wa mashariki unakata masikio. Anasema mnyama wa bahari amekaukiwa. Wengine wanataka kumsukuma mpaka majini kabisa, na yale manyoya meupe hayazuii maji, mtoto mdogo anapata baridi na anaweza kuzama. Sikumpigia kelele. Nilimsalimia kwanza, nikamuuliza ametoka wapi, nikamrudisha nyuma ya kamba taratibu huku tunaongea, nikampa darubini. Nikamwambia tazama pale wimbi linapovunjikia. Kichwa kile. Akakaa kimya muda mrefu, akaniuliza kama tunahitaji watu.

Kwa hiyo Kiingereza cha kuokoteza kinatosha, bora salamu uwe nayo. Kuogelea hakuna anayekuuliza, maji huingii, na sili humshiki hata siku moja. Kuna mafunzo kabla ya msimu, unapewa zamu ya saa chache na mwenzako. Kwenye kuhesabu watoto pia tunapangwa. Unatembea juu ya matuta, unahesabu walio hai kivyao na waliokufa kivyao. Hiyo ya waliokufa ujiandae nayo. Wengine hawafiki, ndivyo ilivyo. Usiku wa tarehe 5 Desemba 2013 bahari ilifurika pwani hii yote ya mashariki, vichanga vikasombwa na wengine wakatenganishwa na mama zao, na wanaojitolea wa siku nyingi bado wanausimulia.

Posho ni chai, na unakuja nayo mwenyewe.

Mpemba, haliwi. Sheria ya kumlinda sili wa kijivu ilitungwa hapa mwaka 1914, ikaja nyingine 1970, na mwaka 2021 wakaikaza. Ukimla, itakula na wewe.

Nahodha_wa_Cape

Niko Cape Town, kazi yangu maboti. Sili wa huku ni wengine, wana masikio ya nje na wanatembea kwa mapezi yao yote manne, wanapanda mpaka gatini kulala. Zamani tukiwapita tu. Tangu Juni 2024 mambo yamebadilika: ilithibitishwa wana kichaa cha mbwa. Kuna waogeleaji na wacheza mawimbi walioumwa, na siku hizi ukiumwa na sili ni hospitali moja kwa moja ukachomwe sindano. Wanaojitolea huku kwanza wanafundishwa kutambua mnyama aliyegeuka mkali bila sababu. Huko kwenu mnalifikiria hilo?

MamaTanga

Nahodha, asante. Kwa sili wa huku kichaa hatujakipata. Kinachotushughulisha sisi ni virusi vinavyofanana na vile vya distempa, ugonjwa hatari wa mbwa. Viliua maelfu kwa maelfu ya sili wa Bahari ya Kaskazini mwaka 1988, vikarudi 2002. Waliopigwa hasa ni sili wa kawaida, wale wadogo wenye uso wa mviringo, ambao wanazaa Juni na Julai na mtoto wao anaogelea saa chache tu baada ya kuzaliwa.

Ila jino la sili hata bila kichaa si la mchezo. Kidonda kinavimba, kiungo cha kidole kinakakamaa, na penisilini haifui dafu. Daktari anatakiwa akupe dawa za jamii ya tetrasaiklini. Umwambie wazi kwamba umeumwa na sili, usiseme "mnyama" tu.

Msafiri_Yarmouth

Shikamoo mama. Nimeelewa, na binti nimemsomea, kafurahi pale pa kunusana pua. Maswali mawili ya mwisho. Mkimwona aliyeumia kweli mnafanyaje kama hamumgusi? Na huyu bintiye mtu anataka kusaidia, kuna chochote mtoto anaweza kufanya?

MamaTanga

Marahaba mwanangu.

Tunatoa taarifa, tunazuia watu wasimsogelee, tunasubiri. Wanaomshika ni matabibu waliofunzwa, wengi nao ni wa kujitolea, wa British Divers Marine Life Rescue, kikundi cha kuokoa wanyama wa baharini, au watu wa RSPCA, shirika la kutetea wanyama. Huku kwetu mgonjwa hupelekwa East Winch, karibu na King's Lynn, kituo cha wanyamapori cha RSPCA. Si kazi ya mtu mmoja na taulo: jike mzima anazidi kilo 150, na dume anaweza kufika 300.

La binti lipo, na ni zito kuliko unavyodhani. Mwaka 2017 hapo hapo Horsey alikamatwa jike aliyekuwa na kisahani cha plastiki cha kurusha, kile chenye tundu katikati, kimemkaa shingoni. Sili ni mdadisi, anaingiza kichwa kucheza, halafu anakua na plastiki haikui. Kilikuwa kimekata nyama mpaka ndani. Walimpeleka East Winch, wakamlaza kwenye maji ya chumvi nyingi miezi mpaka kidonda kikajifunga, wakamwachia 2018. Watu walimbatiza Mrs Frisbee, maana kisahani hicho kwa Kiingereza ni frisbee. Na si yeye peke yake, kila mwaka tunawaona wengine, na wapo ambao hawakamatiki kwa sababu ukiwasogelea wanawahi majini. Basi binti aokote kamba za nyavu na visahani anavyoviona ufukweni wakati wa kiangazi, na vyake vya nyumbani mnunulie visivyo na tundu.

Mpemba_London

Haya mama, mimi niliyekuja kuuliza kitoweo sasa nauliza treni.

MamaTanga

Treni inaishia Great Yarmouth, mwenyeji wako Msafiri atakupokea 😀 Msimu huu mafunzo yameshapita, ila kutazama njooni. Maegesho ya Horsey Gap yanajaa mapema siku za Jumapili, na ya kulipia. Fikeni asubuhi, buti za mpira, soksi mbili mbili, na kama kuna mbwa wa jirani abaki nyumbani. Mkipita juu ya matuta fuateni kamba, maana wapo majike wanaopanda kuzalia kwenye nyasi huko huko, na katikati ya majani humwoni mpaka akukoromee.