Naomba ushauri: saa ya kupima mapigo ya moyo kwa mwanamke mkimbiaji

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri wa saa ya kukimbilia, hasa kutoka kwa dada zangu wenye mikono myembamba kama mimi.

Niliyo nayo ni pana kuliko kifundo cha mkono wangu. Nikiikaza inaniacha na alama, nikiilegeza ule mwanga wa kijani inaopimia mapigo unavuja pembeni na namba zinaanza kuruka. Nakimbia taratibu, naongea bila kuhema, yenyewe inasoma 175! Nashuku inahesabu hatua badala ya mapigo, maana hatua zangu kwa dakika ziko hapohapo. Na mimi sasa nafanya mazoezi kwa kufuata viwango vya mapigo, kwa hiyo namba ya uongo inaniharibia kila kitu.

Nimeitazama Garmin Forerunner 265S, yenye uso wa milimita 42, naona itanikaa. Wengine wananiambia nibaki na saa yangu, ninunue mkanda wa kifuani kama Polar H10, unaosoma umeme wa moyo wenyewe. Hofu yangu ni msuguano chini ya sidiria ya michezo, jasho likikolea pale panachubuka vibaya. Kuna pia HRM-Fit ya Garmin, kipima mapigo kinachobanwa kwenye sidiria yenyewe. Kuna aliyekitumia? Hakichomoki mbio zikiwa ndefu?

Kufuatilia hedhi ningependa, ila si lazima. Kwanza mapigo yasomeke sawasawa.