Vidole viwili vinakufa ganzi na mkono unauma hadi begani: nianzie wapi?

Mwendo_Mrefu ameuliza:

Salaam, waendesha baiskeli wenzangu. Nina umri wa miaka 41, na miezi saba iliyopita niliacha baiskeli ya usukani ulionyooka nikahamia ile ya mbio za barabarani, yenye usukani uliopinda kwenda chini. Saa ya kwanza huwa sina tatizo lolote. Nikikaribia kilomita 40, kidole kidogo na kidole cha pete cha mkono wa kulia huanza kuwasha kama vinachomwa sindano, kisha hufa ganzi kabisa. Nikiukung'uta mkono hali hurejea, lakini baada ya dakika 15 hivi ganzi inarudi. Pamoja na hayo, nyuma ya mkono, kuanzia juu ya kiwiko hadi begani, napata maumivu mazito ambayo hunifanya niinue mabega bila kujijua.

Mwanzoni ganzi ilikuwa ikiisha nikishashuka. Siku hizi naamka nayo asubuhi, na juzi nilihangaika kufunga vifungo vya shati, jambo lililonitia hofu kuliko maumivu yenyewe. Nimenunua glavu nene zenye mito ya kiganja lakini sijaona tofauti. Tairi zangu ni za milimita 25 na huzijaza upepo hadi kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni, ili baiskeli iwe nyepesi kukimbia. Huenda ikafaa kutaja pia kwamba niliinamisha kidogo ncha ya mbele ya kiti kwa sababu kilikuwa kinanibana mapajani. Je, ninunue usukani mwingine, au niache kuendesha kwa muda?

Fizio_Kiganjani amejibu:

Ndugu muulizaji, umefanya jambo moja la maana sana, nalo ni kuvitaja vidole vyenyewe, kwa sababu katika tatizo hili kidole kinachokufa ganzi ndicho kinachoonyesha neva (mshipa wa fahamu) iliyobanwa. Kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete iliyo jirani nacho huhudumiwa na neva ya ulna. Kidole gumba, cha shahada, cha kati na ile nusu nyingine ya kidole cha pete huhudumiwa na neva ya mediani, ambayo hupita katikati ya kifundo cha mkono. Kwa maelezo yako, tunashughulika na ulna.

Neva hiyo hushuka kutoka shingoni, hupita nyuma ya kiwiko upande wa ndani, pale ambapo ukijigonga unapata mshtuko unaofika hadi vidoleni, kisha huingia kiganjani kupitia njia nyembamba iliyo kwenye kitako cha kiganja, upande wa kidole kidogo, kati ya vifupa viwili. Njia hiyo huitwa kwa jina la daktari mpasuaji wa Ufaransa, Félix Guyon, aliyeieleza mwaka 1861. Ukitazama namna mwendesha baiskeli anavyoegemea usukani, utaona kwamba kitako hichohicho cha kiganja ndicho kinachobeba uzito, na mtikisiko wa barabara hupigia hapohapo kwa saa nzima. Kifundo kikiwa kimepindwa kwenda nyuma, neva huvutwa na kubanwa kwa wakati mmoja.

Kabla hujagusa spana, naomba ujichunguze mambo mawili. La kwanza, pitisha kidole juu ya mgongo wa mkono, upande wa kidole kidogo, uone kama nako kuna ganzi. Tawi linalohudumia ngozi ya mgongo wa mkono hujitenga na neva ya ulna kabla haijafika kwenye kifundo. Kwa hiyo, iwapo ngozi hiyo ni nzima na ganzi iko upande wa kiganja tu, mbano unaelekea kuwa kiganjani. Ikiwa mgongo wa mkono nao umekufa ganzi, tazama kiwiko au juu zaidi, na ganzi ikienea hadi upande wa ndani wa mkono chini ya kiwiko, shingo nayo ichunguzwe. La pili, bana kipande cha karatasi kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, gumba likiwa limenyooka, kisha mtu mwingine aivute karatasi. Gumba likikunja ncha yake ili kung'ang'ania karatasi, ni dalili kwamba misuli inayohudumiwa na ulna imedhoofika, na tutakuwa tumetoka kwenye suala la starehe na kuingia kwenye suala la tiba.

Spana_Nane amejibu:

Mtaalamu amemaliza upande wa mwili, nami niseme la baiskeli. Kosa la kwanza nalolishuku ni kile kiti ulichokiinamisha, ambacho umekitaja mwishoni kana kwamba si kitu. Kiti kikiinama mbele, mwili unateleza kuelekea usukani mchana kutwa, na kitu pekee kinachouzuia ni mikono yako. Hapo ndipo maumivu ya nyuma ya mkono na begani yanapotokea, kwa sababu misuli inayonyoosha kiwiko inafanya kazi ya nguzo. Unaweza kununua usukani wa bei yoyote duniani, na mikono itaendelea kuuma.

Chukua pima maji, iweke juu ya kiti baiskeli ikiwa imesimama mahali tambarare, kisha kirudishe kiti kwenye usawa. Ikiwa kilikuwa kinakubana mapajani, inawezekana kiko juu kupita kiasi au ni kipana kwa umbo lako. Dawa ya hilo ni kukishusha au kukibadilisha, maana kukiinamisha ni kuuhamisha mzigo tu kutoka mapajani hadi viganjani. Baada ya hapo fanya jaribio hili baiskeli ikiwa imefungwa kwenye stendi ya mazoezi: kanyaga kwa nguvu ya wastani, kisha inua viganja kidogo kutoka kwenye usukani bila kuuinua mgongo. Ukianguka mbele papo hapo, kiti kiko mbele mno. Kirudishe nyuma milimita 5 na ujaribu tena, ukikumbuka kwamba kila ukikirudisha nyuma umeongeza umbali wa kufikia pedali, hivyo huenda ukahitaji kukishusha kidogo.

Kurudisha kiti nyuma kunaongeza pia umbali wa kufikia usukani, na hapo ndipo shingo ya usukani, yaani kipande kinachouunganisha usukani na fremu, inapoingia. Ikiwa yako ni ya milimita 110, kama ilivyo kwa baiskeli nyingi za namna hiyo, ya 90 inaweza kukufaa, au uongeze vipete chini yake ili usukani uinuke. Angalia vilevile vishikio vya breki vyenye mpira: vikiwa vimeshuka sana, kifundo kinapinda, mkono ukivishika unapaswa kuwa mstari mmoja na kifundo. Badilisha kitu kimoja kwa safari, na uweke alama ya utepe kwenye nguzo ya kiti kabla ya kulegeza chochote. Nimewaona watu waliobadilisha mambo manne kwa jioni moja, wakapata nafuu, na hadi leo hawajui ni lipi lililowasaidia.

Kuhusu upepo, kiwango kilichoandikwa ubavuni ni mpaka usiopaswa kuvukwa, hakikuwekwa pale ili ukifikie. Tairi ngumu kupita kiasi hurukaruka juu ya lami yenye mabaka, na kila mruko huo unaishia kiganjani. Punguza upepo kidogo kidogo, na ikiwa fremu ina nafasi, weka tairi za milimita 28 au zaidi.

Kilima_Polepole amejibu:

Naongeza dogo tu. Glavu nene si lazima ziwe bora. Mto mkubwa uliokaa mahali pabaya unaweza kuikandamiza neva ileile, na unene wake unamlazimisha mtu kufumbata usukani kwa nguvu zaidi. Mimi nilipata nafuu kwa glavu nyembamba na utepe wa usukani uliozungushwa mara mbili. Jambo la pili ni viwiko. Wengi wetu tukichoka tunavikaza vikanyooka kama fimbo, na mtikisiko unapanda moja kwa moja hadi begani. Vikunje kidogo, shusha mabega, na ubadilishe mahali pa kushika kila baada ya dakika chache hata kama huhisi chochote, kwa sababu ukingoja ganzi ije ndipo uhame, umekwisha chelewa.

Mwendo_Mrefu amejibu:

Nawashukuru nyote. Kiti kilikuwa kimeinama zaidi ya nilivyodhani. Pima maji ilinitia aibu. Nimekirudisha kwenye usawa na kukishusha milimita 4, na nilipozunguka kwa dakika 20 tu mabega yalikuwa mepesi. Mgongo wa mkono hauna ganzi. Lakini jaribio la karatasi limenitisha: mkono wa kushoto unaishika vizuri, wa kulia gumba linajikunja na karatasi inatoka. Jumamosi tulipanga safari ya kilomita 90. Naweza kwenda nikishikilia sehemu ya juu ya usukani?

Fizio_Kiganjani amejibu:

Usiende, ndugu yangu. Ganzi inayopita ni onyo, ila udhaifu wa misuli pamoja na ganzi unayoamka nayo ni sababu ya kumwona daktari wiki hii hii, naye huenda akaagiza kipimo cha kasi ya umeme katika neva ili kujua mbano uko wapi na una ukubwa gani. Mwambie pia habari ya vifungo vya shati, na muulize kama kuna haja ya kupima sukari na vitamini B12, ingawa matatizo hayo mara nyingi huanzia miguuni na hugusa pande zote mbili.

Neva iliyobanwa bila nyuzi zake za ndani kukatika kwa kawaida hurejea ndani ya wiki kadhaa hadi miezi michache, mradi mbano uondolewe. Nyuzi zikishaharibika, huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, na misuli midogo ya kiganja haisubiri milele. Kwa sasa unaweza kukanyaga pedali kwenye stendi ukiwa umekaa wima, mikono ikining'inia bila kugusa chochote. Usiku usilale ukiwa umekunja kiwiko chini ya mto wala kukipinda kifundo. Ukiona nyama kati ya kidole gumba na cha shahada inaanza kubonyea, usingoje tarehe ya miadi. Na lile jaribio la karatasi lifanye mara moja kwa wiki. Ukilifanya kila saa utaichosha misuli na kujitisha bure.