Tupeane uzoefu: analisti wa operesheni mnalipwa ngapi, na nini kilipandisha au kushusha?

BintiLangoni

Asalaam aleikum wanabaraza.

Nimeitwa kazi hapa Lamu. Kampuni ina boti tisa, nyumba nne za wageni upande wa Shela na gari mbili Mokowe. Cheo kimeandikwa "analisti wa operesheni", yaani mtu wa kuchambua namba za kazi za kila siku. Nilisomea takwimu Chuo Kikuu cha Pwani, nikamaliza miaka miwili iliyopita, na tangu hapo nimekuwa nikimshikia mjomba hesabu za duka lake la vifaa vya ujenzi. Ofa ni shilingi 48,000 kwa mwezi, "kila kitu ndani". Mama asema alhamdulillahi, chukua. Baba kanyamaza, na mwajua wenyewe kimya cha baba wa Kiamu.

Msinipe za kusikia, tafadhali. Nipeni za mifukoni mwenu: ulianza na ngapi, uko wapi sasa, na hasa ni jambo gani lililoisogeza ile namba. Majina ya kampuni yawekeni kando, mji wetu mdogo.

KijitiChaMafuta

Waaleikum salaam dada. Boti nazijua, acha nianze mimi.

2016 niliingia hoteli moja visiwani kama karani wa stoo, 22,000. Kazi yangu ilikuwa kuandika nani kachukua nini: sabuni, balbu, mafuta ya boti. Hakuna aliyeniita analisti wala nini. Lakini daftari la mafuta lilikuwa linaniwasha. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka, boti inakula zaidi, hilo kila mtu anajua. Kaskazi ikiingia maji yakatulia, lita zilitakiwa zishuke. Hazikushuka. Boti mbili zilichukua madumu yaleyale, mwezi nenda mwezi rudi.

Nikaanza kuandika kwenye Excel usiku: tarehe, boti, saa ya kutoka, safari ngapi za Manda, lita. Miezi mitatu. Siku moja nikapanga kwa siku za wiki, ndipo nikaona Ijumaa. Boti moja ilikuwa na safari ya saa saba kasorobo, Ijumaa karibu zote. Saa hiyo nani yuko baharini Lamu? Na nahodha wake nilikuwa namwona kwa macho yangu msikitini, safu ya pili.

Nikampelekea meneja ripoti. "Lita 1,140 hazina maelezo." Kimya wiki mbili. Nikaibadilisha ile sentensi tu: nikatoa lita nikaweka shilingi, ambazo kwa bei ya siku zile zilipita laki moja, nikampa mwenye mali alipokuja kutembelea. Kabla ya chakula cha mchana niliitwa. Mwezi uliofuata mshahara ulikuwa 41,000 na cheo kipya.

Sasa niko 78,000 kabla ya makato, kampuni nyingine. Kilichonipandisha si shahada, maana sina, nina diploma ya ugavi. Ni kwamba kazi yangu ilionekana kwenye pesa za mtu anayetia saini.

Ila na gharama yake nikwambie. Manahodha walikuwa wakinipa samaki wa mchana. Tangu siku ile nabeba mkate wangu.

MzeeWaMkunguni

Safu ya pili! Wallahi nimecheka mpaka mjukuu kaja kuniuliza kulikoni.

MhasibuMkomani

BintiLangoni, hilo neno "kila kitu ndani" ulikamate shingo kabla hujasaini chochote. Waulize: ni 48,000 kabla ya makato au ni 48,000 mkononi? Hizo ni kazi mbili tofauti.

Nakupigia hesabu ya 60,000 ili uone. NSSF, ile akiba ya uzeeni, asilimia 6, hiyo 3,600. Bima ya afya ya SHA asilimia 2.75, yaani 1,650. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, ni 900. Tangu mwisho wa Desemba 2024 makato haya yote matatu hutolewa kwanza ndipo kodi ihesabiwe, kwa hiyo KRA, watoza kodi, inaitazama 53,850. Shilingi 24,000 za mwanzo zinakatwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, zilizobaki asilimia 30. Jumla 10,938. Unasamehewa 2,400, unalipa 8,538. Ukifika benki unakuta 45,312.

Umeona? Anayepewa 48,000 mkononi anamshinda wa 60,000 za kwenye barua. Na kama hiyo 48,000 yako ni kabla ya makato, utashika 37,770 hivi.

Jihadhari pia wasije wakakuita "mshauri". Watakukata kodi ya zuio, asilimia 5 tu ya malipo yako, utafurahi, lakini NSSF hamna, likizo hamna, ukiugua ni shauri yako, na mwisho wa Juni KRA inakungoja na hesabu ya kodi iliyobaki.

BintiLangoni

Ahsante sana kaka. Sikujua hata kuna tofauti, aibu kusema na nimesoma takwimu. Kesho nitawauliza.

DadaWaMalindi

Mimi nilianzia dirishani, benki moja hapa Malindi. Huko mshahara una ngazi: kila ngazi ina sakafu na dari, na ukifika dari waweza kukaa miaka minne unapewa nyongeza ya bei ya vitu tu. Nikajifundisha SQL, lugha ya kuchota data kwenye kompyuta, kwa simu, usiku, mtoto kalala kifuani. Nafasi ya analisti wa operesheni ikatangazwa makao makuu Nairobi, nikaomba, nikapata. 115,000.

Nilidhani nimefika. Kodi ya nyumba, dada wa kulea mtoto, matatu, na Nairobi hata mchicha una bei ya nyama. Nikawa naweka akiba ndogo kuliko nilivyokuwa nikiweka Malindi. Hilo moja.

La pili ndilo lililoniuma. Niliyeajiriwa naye siku moja, meza moja, kazi ileile, alikuwa anapata 145,000. Niligundua kwa bahati mbaya, karatasi yake ilibaki kwenye mashine ya kuchapisha. Sikumchukia, nilimuuliza. Akaniambia, "Waliniuliza nataka ngapi nikataja." Mimi waliponiuliza nilisema "chochote mtakachoona kinafaa," vile nilivyolelewa kuwajibu wakubwa. Tena niliwapa hati yangu ya mshahara ya dirishani, wakapandia juu yake. Yeye alikataa kuionyesha.

Nilirekebishiwa nusu ya pengo baada ya miezi kumi na barua tatu. Nusu nyingine waliniambia ni "uzoefu". Mdogo wangu, adabu iwe nyumbani. Mezani kwa mwajiri taja namba.

KaskaziTuu

Kwa wanaoitwa na mahoteli, someni barua hadi nyuma. Mimi nilichukua 70,000 nikajiona tajiri, nikaanza na kuchora ramani ya nyumba. Ukurasa wa tatu: hoteli ikifungwa, hakuna malipo. Na hoteli zetu katikati ya mvua za kusi, Mei na Juni, nyingi zinafunga. Mwaka ule nililipwa miezi tisa na nusu. Hiyo ni 665,000. Igawe kwa 12 upate 55,000 na kitu. Kuna rafiki yangu wa dukani mwenye 57,000 ya mwaka mzima alikuwa akinikopesha kila Juni.

2020 ndiyo usiseme. Msimu haukuja kabisa.

MzeeWaMkunguni

Na ile nyumba?

KaskaziTuu

Iko kwenye lenta, mzee. Popo wamehamia.

AnalistiMstaafuMiaka34

Mimi jina langu lasema yote. Nilikuwa na shirika la misaada, mradi wa wavuvi. Kupima barafu inafika na kilo ngapi, samaki wanaharibika wangapi kati ya Kizingitini na sokoni, boti zipangwe vipi. Kazi tamu kuliko zote nilizofanya. 120,000. Lakini haikuwa kazi, ilikuwa mradi wa miezi 18, na mshahara uliandikwa kwenye bajeti ya mfadhili kabla hata mimi sijazaliwa kitaaluma. Nikifanya vizuri 120,000, nikifanya vibaya 120,000. Fedha zilipokatwa, tulipewa notisi ya mwezi mmoja.

Niliporudi sokoni waajiri waliniangalia kwa jicho la "huyu ni ghali", wakanipa 65,000. Nikakataa miezi mitano. Mwezi wa sita nikakubali.

Kwa hiyo ukiona laki na ushei, uliza pesa zinatoka wapi na zinakwisha lini. Igawe na ile miezi utakayokaa nyumbani.

MwanaWaColumbus

Salamu kutoka Ohio, baridi inauma mpaka meno. Nitajibu kwa sababu kila nikipiga simu nyumbani naulizwa.

Mimi ni analisti wa operesheni ghala la vifaa vya hospitali. Dola 71,000 kwa mwaka. Shemeji yangu alizidisha kwa shilingi 129 za kila dola akapata zaidi ya milioni tisa, akanitumia orodha ya wanaotaka kusomeshwa. Hakutoa kodi ya serikali kuu, ya jimbo, ya jiji, bima, nyumba, na gari ambalo bila hilo huwezi hata kununua mkate.

Mkitafuta mishahara ya Marekani mtandaoni, angalieni jina la kazi. Idara ya takwimu za kazi ya huku ina kundi la "operations research analysts", na Mei 2023 mshahara wa katikati, yaani nusu wako juu yake na nusu chini, ulikuwa dola 83,640. Watu wananiambia "mbona wewe uko chini?" Wale wengi ni watu wa hisabati nzito: kuunda modeli za kupanga safari za ndege, kugawa akiba ya bidhaa, wengi wana shahada ya pili. Mimi napanga zamu za ghala na kuuliza kwa nini lori la saa kumi linachelewa. Neno moja likiongezeka kwenye cheo, mshahara mwingine.

Na sekta. Mwenzangu wa darasa alienda kampuni ya fedha, nami ghala. Programu zilezile, ujuzi uleule, tofauti yetu dola 19,000. Hakuna alichonizidi isipokuwa kwamba kwao kosa la dakika moja ni pesa nyingi kuliko kwetu kosa la wiki.

HewaniLamu

Mimi nafanyia kampuni ya Nairobi ya kusafirisha vifurushi kwa pikipiki, nikiwa barazani kwetu Mkomani. Nachora ni madereva wangapi watakiwe wapi saa ngapi. Nilianza 130,000. Mwaka wa pili wakagundua sikai Nairobi (mtu alisikia punda kwenye mkutano wa video, si utani), wakaleta sera ya "malipo kulingana na mahali" na kunishusha hadi 104,000.

Nikawauliza: pikipiki zimepungua? Hesabu zimekuwa za Lamu? Wakasema ni sera.

Nilibaki. Sina kodi ya nyumba, chakula cha mama, na saa kumi na moja jioni naogelea. Lakini betri za kutumia stima ikipotea na intaneti ya pili nilinunua mwenyewe, na hizo pia ni mshahara uliotoka.

MzeeWaMkunguni

Wanangu, na serikalini je? Naona mmeruka.

MhasibuMkomani

Mzee wangu, shikamoo. Serikalini cheo hicho hukioni sana kwa jina hilo; utakuta afisa wa mipango, afisa wa takwimu, afisa wa usafirishaji. Mshahara wa msingi ni mdogo, ila una posho ya nyumba, na sisi wa Lamu tuna ile ya mazingira magumu juu yake. Pensheni nayo. Haipandi kwa kugundua lita za Ijumaa, hilo usahau.

BintiLangoni

Nimerudi na habari.

Nilikwenda. Nimevaa buibui langu la Idi na karatasi ya hesabu za MhasibuMkomani iko mkobani. Nikauliza kwanza: kabla ya makato au mkononi? Yule bwana akatazama dirishani, akasema kabla ya makato. Sasa nimejua kimya cha baba kilikuwa na nini.

Nikauliza boti tisa zinakunywa mafuta kiasi gani kwa mwezi. Hakujua. Akampigia mtu wa stoo, naye akasema "inategemea". Hapo ndipo nilipopata nguvu, DadaWaMalindi. Nikataja 65,000. Sauti ilitetemeka lakini ilitoka. Hati ya mshahara wa zamani walipoomba nikasema mjomba analipa kwa dua, na ni kweli.

Tumefika 58,000 kabla ya makato, miezi 12 yote hata nyumba za Shela zikifungwa, na hilo limeandikwa. Niliomba mshahara uangaliwe tena baada ya miezi sita nikionyesha nimeokoa kiasi gani. Wamekubali kwa mdomo. Kwenye barua wamesema "tutaliongeza", bado halijaongezwa, na mimi kila Alhamisi nawakumbusha.

Nimeanza Jumatatu. Nimepewa kompyuta yenye herufi mbili zilizong'oka na kijiti cha mkoko wanachotumbukiza tangini kupima mafuta. Nimekigeuza pande zote, hakina alama hata moja. Leo nimeazima dumu la lita 20 na kisu cha fundi wa boti. Nimemimina dumu moja moja, nikichanja kila likiisha. Tangi moja limekwisha, yamebaki manane, na nahodha wa kwanza ameshaniuliza hizo chale ni za nini.

KijitiChaMafuta

Anza kubeba mkate.