Uwiano si kumpa Seyyid Khalid mizinga asiyokuwa nayo!

Asalaam aleikum. Naandika kwa hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe.

Jumamosi, kwenye baraza yetu ya michezo ya mezani hapa Mji Mkongwe, ilichezwa senario, yaani mchezo wa vita vilivyotokea kweli: vile vya tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipolipiga mizinga jumba la Seyyid Khalid, aliyejitawaza usultani wa Zanzibar. Niliitayarisha mie, miezi mitatu. Nafika baada ya alasiri, ramani yangu imetandikwa mezani lakini karatasi ya majeshi si yangu. Mwenye kuendesha baraza kaibadilisha usiku wake bila ya kuniuliza. Manowari tano za Waingereza kazifanya mbili. Pwani yote ya Forodhani kaipanga mizinga sita mikubwa. Namuuliza, ananijibu: "Nimeweka uwiano." Zamu ya tatu HMS St George ikazama na vijana wakapiga makofi.

Uwiano gani huo? Khalid alikuwa na watu wapata 2,800 ndani ya jumba, wengi wao raia na watumishi waliopewa bunduki. Alikuwa na bunduki chache za rashasha za Maxim, mzinga mkongwe wa shaba, na mizinga miwili ya zawadi kutoka kwa Mfalme wa Ujerumani. Baharini alikuwa na Glasgow tu, merikebu ya fahari zaidi kuliko ya vita. Mbele yake zimetia nanga St George, Philomel, Racoon, Thrush na Sparrow. Saa tatu na dakika mbili asubuhi zikaanza kupiga, na haikutimia saa nne kasorobo ila bendera ishaanguka na Glasgow ishazamishwa. Upande wa jumba waliuawa na kujeruhiwa watu kama 500. Upande wa pili, baharia mmoja wa Thrush alijeruhiwa. Hao 500 ni watu wa mji huu. Ukimpa Khalid mizinga sita unawaambia vijana kwamba walikufa kwa uzembe, maana wao mezani wameshinda kirahisi.

Kwenye bao kila mtu ana kete 32, sawa kwa sawa, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini bao halina tarehe.

Uwiano wa vita kama hivi unauweka kwenye masharti ya ushindi, silaha unaziacha kama zilivyokuwa. Nilitoa zamu nane, kila zamu dakika tano. Khalid hatakiwi kuzamisha manowari hata moja. Anapata alama kwa kila zamu ambayo bendera bado inapepea, kwa kila kundi la watu aliloliwahi kulitoa Beit al-Hukm, moja ya majumba ya kasri, kabla ya mzinga wa kwanza, na alama nyingi zaidi akifika mwenyewe ubalozi wa Ujerumani, kama alivyofika kweli. Mwingereza lazima aiangushe bendera mapema, na anakatwa alama kwa kila kombora linaloangukia mitaani.

Na kabla ya hapo kuna usiku wa tarehe 26, ambao ndio roho ya senario nzima. Cave, balozi wa Mwingereza, keshaiomba London kwa simu ya maandishi (telegramu) ruhusa ya kupiga. Ile kadi ya jibu la London imefunikwa, na mchezaji wa Khalid hajui kama ishafika. Khalid mwenyewe, asubuhi yake, alijibu kwamba hateremshi bendera na haamini kwamba watampiga. Basi mchezaji aamue: watu awatoe usiku huu na ajionyeshe dhaifu, au awaweke? Hapo mtu anatoka jasho. Niliijaribu nyumbani na kaka yangu mara 11, Khalid akashinda mara 5. Uwiano gani mwengine mnautaka?

Kilichoniuma zaidi, wale askari 900 wa serikali ya Zanzibar waliokuwa chini ya Jenerali Mathews, Mwingereza aliyeitumikia serikali hiyo, wakapigana upande wa Waingereza, kawaondoa wote "kurahisisha". Yaani kijana wa miaka kumi na tano katoka pale hajui kwamba siku ile Zanzibar ilikuwa pande zote mbili za ukuta. Hilo si la kurahisisha!

Nataka karatasi yangu irudishwe mezani ilivyokuwa, na senario ichezwe tena mbele ya vijana walewale. Ikiwa hataki, basi jina langu lifutwe kwenye ile ramani, na ramani yenyewe nitakuja kuichukua Ijumaa baada ya sala.