Ukishapata kazi ndo mwalimu wako anageuka kuwa "bro"? Nani kawadanganya?

Wakuu, toka jana usiku nimefura na naomba niyatoe hapa, maana kule kwenye grupu letu nikiongea naambiwa nakuza mambo.

Tuna grupu la WhatsApp la tuliosoma sekondari moja ya kata huko mkoani, shule siitaji. Tulimaliza fomu foo 2009. Jana admini akaja na wazo zuri kabisa, tuwaingize na walimu wetu wa zamani, wale ambao namba zao zinapatikana. Saa mbili usiku mwalimu wetu wa hesabu akaingizwa. Ikaandika inaandika inaandika, kama dakika tano nzima, halafu ikaja: "Habari za jioni wanangu. Nimefurahi kuwaona. Mimi ni mwalimu wenu wa hisabati." Nukta zote mahali pake, vilevile kama alivyokuwa anaandika ubaoni.

Jibu la kwanza aliloletewa ni jina lake la kwanza, kavu, hakuna mwalimu hakuna mzee hakuna shikamoo, likafuatiwa na "niaje". La pili: "Fofiga!!! Kumbe bado upo?" La tatu: "bro karibu kijiweni". Bro! Mtu ana wajukuu.

Sasa hiyo Fofiga niwaeleze. Lilikuwa jina lake la siri pale shule, kwa sababu hakuwa anatembea bila kile kitabu cha four figure, cha majedwali ya hesabu, amekiviringisha kakibana kwapani, na mkono wa kulia wa shati umejaa vumbi la chaki mpaka kwenye kiwiko. Tulimuita hivyo wote, mimi nikiwemo, na kila shule ina majina kama hayo na walimu wanayajua ila wanajifanya hawayajui. Lakini lilikuwa la bwenini na la nyuma ya madarasa, akitokea kwenye kona wote kimya, shikamoo mwalimu. Hakuna hata mmoja wenu aliyekuwa na kifua cha kumtamkia usoni, leo mnamuandikia kwa sababu ya nini, kwa sababu fimbo hana tena?

Kilichonimaliza ni huyu mmoja ambaye siku hizi ni bosi ofisi fulani. Kaandika "mwalimu wa hesabu naye kapigwa hesabu na kikokotoo" na vikatuni vya kucheka, wenzake nao wakamwagia vya kwao. Wakuu, huyu mzee kastaafu 2023. Yaani kaangukia moja kwa moja kwenye kile kikokotoo cha pensheni, ile asilimia 33 ya mafao kwa mkupuo iliyoanza Julai 2022, wakati walimu wenzake waliomtangulia waliondoka na nusu. Ni maumivu ya mtu hayo, nyumba yake anayokaa ameezeka upande mmoja tu, na wewe unayemcheka ni yeye aliyekufundisha asilimia ni kitu gani.

Na madam wetu wa Kiswahili naye kaingizwa, kaambiwa "mrembo wetu bado umo". Mama wa watu hajajibu mpaka sasa hivi.

Nikawaambia jamani hapana, huyu bado ni mwalimu wetu. Nikajibiwa eti "sasa hivi sote watu wazima, hata Ulaya wanaitana majina". Ulaya umeishi lini wewe? Baba yako mzazi ulianza kumuita jina siku ulipoota ndevu? Mbona huyo bosi wenu mnamuita mheshimiwa humohumo kwenye grupu na mlikuwa mnakaa naye dawati moja, mkigombania kifutio? Kwa hiyo heshima mnazo, ila mnaangalia nani ana gari.

Nyerere aliacha kufundisha Pugu 1955. Akawa Waziri Mkuu, akawa Rais, akang'atuka 1985, na mpaka anafariki 1999 watu wanamuita nani? Mwalimu. Miaka 44 hajashika chaki kwa mshahara na jina halikumtoka, alipita kwenye vyeo vyote lakini watu wakang'ang'ania hilohilo. Hata mtaani kwetu mama wa genge akimuona mwalimu mstaafu anapita anasema "ticha shikamoo", na hajawahi kukaa darasani kwake hata siku moja.

Mimi huyu mzee Jumamosi alikuwa anatupiga pindi chini ya mwembe, bure, watu sita tu ndo tulikuwa tunakuja na hajawahi kuahirisha kwa sababu ni wachache. Mtihani wa mwisho wa hesabu sikuwa na four figure, kanipa ya kwake. Ile ile ya kwapani. Jalada lilishachanika kalibandika gundi ya karatasi, ukurasa wa logi kauandika kwa penseli pembeni namna ya kutafuta. Ninayo mpaka leo.

Saa nne na dakika kumi usiku nikaona mzee kalefti.

Asubuhi nimempigia. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu, hujambo, watoto wazima?" Nikaanza kumuomba radhi kwa niaba ya wenzangu, akanikatisha, "Hapana, usiwagombeze wenzako. Simu hii mpya inanisumbua, nilibonyeza vibaya nikajikuta nimetoka." Akabadilisha mada, akaniuliza mahindi huku kwetu yakoje.

Hajabonyeza vibaya. Yule mtu hajawahi kukosea hata kuweka desimali.

Admini najua humu unapita, usimuongeze tena kwanza. Hao watatu na huyo bosi wampigie, mmoja mmoja, kwa sauti sio meseji, na neno la kwanza liwe shikamoo mwalimu. Wasipofanya hivyo mpaka Jumapili na mimi nalefti.