"Kai" ya Kigiriki: tuandike "na" kila mahali, tuiachie -ka-, au tuifasiri kwa maana yake?

Mwanagenzi_AreaD
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Tuko watu sita hapa Dodoma, kila Jumanne jioni tunasoma Kigiriki cha Agano Jipya sebuleni kwa mmoja wetu, Area D. Sasa tumejitwika kazi: kuandaa Injili ya Marko kwa Kiswahili chepesi cha kusomwa kwa sauti kwenye mitaa ya kanisa upande wa Bahi, ambako wengi hulisikia Neno kuliko wanavyolisoma. Wiki tatu sasa tumekwama kwenye neno la herufi tatu: kai.

Kamusi inasema kai ni "na". Basi, imekwisha? Haijaisha. Neno hili limo takriban mara 9,000 katika Agano Jipya, na Marko analitumia kama mpishi wa pilau anavyotumia kitunguu. Sura ya 1 ina mistari 45, na mingi kati yake inaanza na kai. Tumegawanyika makundi matatu. Tazameni Marko 1:35, yenye kai tatu (ya tatu imejificha ndani ya kakei, yaani kai + ekei, "na huko"):

A: "Na alfajiri mapema sana, baada ya kuamka, alitoka na alikwenda mahali pasipo watu na huko alikuwa akiomba."

B: "Alfajiri mapema sana akaamka, akatoka, akaenda mahali pasipo watu, akawa akiomba huko."

C: "Alfajiri mapema sana Yesu aliamka. Alitoka nje, akaenda mahali pasipo watu. Huko alikuwa akiomba."

A inahesabu kila kai. B haina "na" hata moja. C inakata sentensi. Mimi niko A, maana naogopa kumpunguzia Marko maneno. Nirekebisheni.

Mama_Neema_Kizota
Amina mwanangu. Mimi si msomi wa Kigiriki, nafundisha watoto wa Jumapili. Hiyo A nimemsomea mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, huyo aliyeandika ni Mzungu?" Nimemaliza.

Zabibu_Kavu
Mama Neema kamaliza kweli, lakini niongeze sababu, maana jambo hili limenikalia kichwani miaka.

Kaka Mwanagenzi, wewe unaitafuta kai kwenye orodha ya viunganishi. Kiswahili hakikuiweka huko. Kimeiweka ndani ya kitenzi. Hiyo -ka- ya "akatoka, akaenda" ndiyo kai ya msimulizi. Sikiliza mtu yeyote akisimulia ajali aliyoiona stendi: "Nikasimama, nikaangalia, nikaona bodaboda inakuja, nikaruka." Nani anasema "nilisimama na niliangalia na niliona"? Kwa hiyo B haijafuta kai hata moja. Zote zimo, zimevaa nguo ya kwetu.

Kingine cha kukumbuka ni kwamba Marko naye kai yake si ya Kigiriki cha wasomi wa Athene. Waebrania husimulia kwa kuunganisha vitenzi na herufi moja tu, "wa", mbele ya kitenzi, na waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki wakaiandika kai, kai, kai. Ukisoma "Ikawa siku zile" katika Marko 1:9 kwenye Union Version (Biblia ya Kiswahili, ile ya 1952), hapo ni kai egeneto, na nyuma yake kuna Kiebrania. Yaani "wa" ya Kiebrania iliyokuwa imegandamana na kitenzi ilikwenda Ugiriki ikawa neno la kujitegemea, ikaja Uswahilini ikarudi ndani ya kitenzi. Mimi hilo hunifurahisha kupita kiasi, mtanisamehe.

Katekista_wa_Kondoa
Tumsifu Yesu Kristo. Naunga mkono B kwa asilimia kubwa, ila nina onyo la mtu anayesoma mimbarini. Ukianza somo kwa "Akatoka", wasikilizaji wanabaki wanajiuliza nani katoka. -ka- haiwezi kusimama mlangoni, lazima iwe na kitenzi mbele yake cha kuishika mkono. Ndiyo maana kwetu Injili mara nyingi hufunguliwa kwa "Wakati ule, Yesu..." kabla mambo hayajaanza kufuatana. Kwa somo linaloanzia katikati ya sura, C ina faida yake.

Mwanagenzi_AreaD
Milele amina, katekista. Hiyo ya mlangoni hatukuifikiria kabisa. Na Zabibu, nimeanza kulegea. Lakini kama -ka- ndiyo kai, mbona Union yenyewe haikuitumia kila mahali? Marko 1:13 inasema "naye alikuwa pamoja na wanyama wa mwitu, na malaika walikuwa wakimhudumia". Kwa nini si "malaika wakamhudumia"?

Zabibu_Kavu
Kwa sababu -ka- inapanga foleni. Hiki kikaisha, kile kikaanza. Kigiriki hapo kina kitenzi cha jambo lililokuwa likiendelea. Ukisema "malaika wakamhudumia" umewaleta malaika baada ya siku arobaini, kama wageni wanaofika sherehe imekwisha. Waliokuwa mezani na Union walilisikia hilo, wakaacha -ka-, wakarudi kwenye "naye" na "na". Ndiyo maana nasema kanuni ya "kai = -ka- kila mahali" nayo ni uvivu ule ule wa "kai = na".

Mwl_Msalato_Road
Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Nimefundisha Kiswahili sekondari, Kigiriki nimekidonoa tu. Naomba niitetee "na" kidogo halafu niishtaki.

Kuitetea: "Mimi ndimi njia, na kweli, na uzima." Ukiondoa "na" ya kwanza ukabaki na mkato, umeua mdundo wa Yohana 14:6. Vilevile "la Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu". Kigiriki kina kai katikati ya kila jina, na sikio la Mswahili linazipokea vizuri zikiunganisha majina. Shida inaanza zikiunganisha vitenzi.

Kuishtaki: "na" yetu imebeba mizigo mingi mno. Ni ya kuunganisha (Simoni na Andrea). Ni ya kuandamana (pamoja na). Ni ya mtendaji (alibatizwa na Yohana). Ni ya kumiliki (ana nyumba). Na ni ya kuombea (na iwe). Kai haibebi hata nusu ya hiyo. Chukueni Marko 1:29: walifika nyumbani kwa Simoni na Andrea, pamoja na Yakobo na Yohana. Kigiriki kinatenganisha: kai kwa ndugu wawili wenye nyumba, meta kwa wale walioongozana naye, kai tena. Kwa Kiswahili zote ni "na". Nimewahi kuuliza darasa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wangapi, nikajibiwa wanne.

Dada_Rehema_Nkuhungu
😂 Wanne! Mwalimu, na mimi nilijua ni wanne mpaka leo.

Swali langu: vipi panapokuwa na kukanusha? -ka- haina hali ya kukana. Siwezi kusema "akahaenda".

Zabibu_Kavu
Dada Rehema, umegusa sehemu niipendayo. Hapo ndipo "wala" inapoingia. Yohana 1:5, Kigiriki kina kai kisha "giza halikuiweza". Union: "wala giza halikuiweza". Mstari wa 11: "Alikuja kwake, wala walio wake hawakumpokea." Kai + kukana = wala. Neno moja linaunganisha, linakana, na linabeba uchungu ndani yake. Ungeandika "na walio wake hawakumpokea" ungekuwa umetoa taarifa tu. "Wala" inakufanya uwaonee haya hao walio wake.

Katekista_wa_Kondoa
Kwa hiyo orodha inakua. Niongeze Marko 1:27: "awaamuru hata pepo wachafu, nao wamtii!" Zipo kai mbili hapo. Ya kwanza imekuwa "hata", kwa sababu ni ya mshangao. Ya pili "nao". Na mstari wa 38, "nipate kuhubiri huko nako": hiyo "nako" ni kai inayosema "pia". Wazee wale walikuwa na masikio.

Mwanagenzi_AreaD
Wapendwa, mmenitoa A. Mwenzetu aliyekuwa C ameondoka na ushindi nusu, kwamba panapoanza tukio jipya tukate sentensi na kutaja jina. Lakini kuna jambo lililozua ugomvi Jumanne, nalo halimo Marko: Wagalatia 6:16. Union inasema "amani na iwe kwao na rehema, naam, kwa Israeli wa Mungu". Hiyo "naam" ni kai. Ndugu mmoja alisema ni kuongeza Neno. Mwingine akasema ndiyo maana sahihi. Chai ilipoa.

Mwl_Msalato_Road
Kwanza tazameni hizo "na" mbili kabla hamjafika kwenye "naam". "Na iwe" ni ya kuombea, "na rehema" ni ya kuunganisha. Kai ni ya pili tu.

Sasa "naam". Kigiriki kina neno lake la kuitikia, nai, ndilo lililoko katika "Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo" ya Mathayo 5:37. Nai na kai zinatofautiana kwa herufi moja, lakini Paulo hapa ameandika kai. Ukiitafsiri "na", Paulo anaombea makundi mawili: wanaoenenda kwa kanuni hiyo, na zaidi yao Israeli wa Mungu. Ukiitafsiri "naam" au "yaani", ni kundi moja lililotajwa mara mbili, na kanisa lenyewe ndilo Israeli wa Mungu. Sarufi inaruhusu zote mbili, ingawa kai ya "yaani" ni adimu kuliko ya "na".

Mimi ningeandika "na", maelezo nikayaweka pembeni. Katika kusimulia, mfasiri ana haki ya kuchagua kati ya -ka- na "naye", kwa sababu msikilizaji hapotezi kitu. Hapa akichagua "naam" amefunga mlango ambao Paulo aliuacha wazi, na msikilizaji wa Bahi hatajua kulikuwa na mlango.

Mzee_Mvumi
Mwalimu, naheshimu elimu yako, ila mimi nakataa. Barua nzima ya Wagalatia inabomoa ukuta kati ya Myahudi na Myunani. Sura ya 3 anasema hakuna Myahudi wala Myunani. Iweje kwenye mstari wa kuagana aujenge tena? Waliotia "naam" walisoma barua yote. Kutafsiri neno bila kusoma barua ni kupima shamba kwa kutazama jembe.

Mwl_Msalato_Road
Mzee wangu, huenda una haki kuhusu maana. Mimi naongelea nani aamue. Hoja yako ni nzuri, na ni mahubiri mazuri. Yapeleke mimbarini.

Mzee_Mvumi
Na kule kijijini asiye na mhubiri mwenye elimu? Anaachiwa "na" yenye mizigo mitano uliyoitaja mwenyewe?

Dada_Rehema_Nkuhungu
Hapo mzee kampata mwalimu 🙈 Mimi nina jambo jingine. Waefeso 4:11, "wachungaji na waalimu": nilisikia kwenye semina kwamba kuna kanuni ya Kigiriki inayothibitisha ni mtu mmoja, kwa sababu ya kai. Kweli?

Zabibu_Kavu
Hiyo ni kanuni ya Granville Sharp, Mwingereza aliyeiandika 1798 (ndiye yule yule aliyepigana kukomesha biashara ya utumwa). Inahusu nomino mbili zilizounganishwa na kai, ya kwanza ikiwa na kibainishi (kama "the" ya Kiingereza) na ya pili ikiwa haina: hapo zote mbili humtaja mtu mmoja. Inatajwa sana Tito 2:13, "Mungu mkuu na Mwokozi wetu". Lakini Sharp aliiwekea mpaka: ni kwa umoja, si wingi. Wachungaji na waalimu ni wingi. Kibainishi kimoja kinaonyesha makundi hayo yana uhusiano wa karibu, basi. Aliyeendesha semina karuka ukurasa.

Mwanagenzi_AreaD
Wagalatia tutaiacha mpaka tumalize Marko, la sivyo kikundi kitavunjika. Jana tumeandika upya 1:13 hivi: "Alikaa jangwani siku arobaini, akijaribiwa na Shetani. Alikuwa pamoja na wanyama wa porini, huku malaika wakimhudumia." Tumeridhika sana na "huku".

Mama_Neema_Kizota
"Huku" ni nzuri mwanangu. Leo nimewasomea watoto kumi na wawili, nikauliza nani alikuwa pamoja na wanyama. Saba wamesema Shetani. Mmoja akauliza kwa nini malaika wanamhudumia.

Mwanagenzi_AreaD
Mama! Tumerudisha jina: "Yesu alikuwa pamoja na wanyama wa porini". Jumanne ijayo tunaingia sura ya 2, na nimehesabu kai za mistari minne ya kwanza. Tafadhali watayarishe hao watoto.