Krimu ya pilipili baada ya mkanda wa jeshi: inaunguza, niache au niendelee?

MamaCherehani
Habari za jioni wana jukwaa. Mimi ni fundi cherehani, Morogoro, miaka 61. Mwaka jana mwezi wa nne nilitokwa na mkanda wa jeshi upande wa kushoto, kuanzia chini ya titi mpaka mgongoni. Majirani walinitia hofu: vipele vikikutana mbele na nyuma umekwisha. Wengine wakanong'ona ugonjwa mwingine kabisa. Nilipima, sina. Vidonda vilikauka baada ya wiki tatu hivi. Maumivu ndiyo yamegoma kuondoka.

Ngozi imepona, yamebaki mabaka tu. Ila kitambaa kikigusa pale ni kama mtu ananipitishia pasi. Na mimi kitambaa ndicho kinanilisha! Nashinda na khanga niliyoilegeza, sidiria nimeisahau. Usiku naweka mto ubavuni ili shuka lisinifikie. Cha ajabu, nikijikandamiza kwa kiganja kizima napata nafuu. Kitu chepesi ndicho kinachonitoa machozi, hata upepo wa feni.

Nimechua dawa za kuchua za kila rangi, na jeli ya diklofenaki tyubu tatu. Wapi. Sasa mpwa wangu aliyeko Muscat kaniletea krimu imeandikwa kapsaisini asilimia 0.075, anasema ni ya pilipili. Leo siku ya nne napaka asubuhi na jioni. Jamani, ni moto! Juzi nimepaka, nikanawa juujuu, nikaketi kwenye cherehani. Nikalamba ncha ya uzi nitunge sindano, kama nifanyavyo miaka yote. Ulimi ukawaka. Machozi yakanitoka, nikayafuta kwa vidole vilevile. Mteja aliyefuata sare yake ya harusi alidhani nimefiwa.

Naomba kujua: moto huu ndiyo dawa inafanya kazi, au inanichoma? Niache?

Kijana_wa_Msamvu
Shikamoo mama, pole sana. Mpaka Muscat ya nini? Twanga pilipili kichaa kumi, changanya na mafuta ya nazi, anika juani siku mbili. Bibi yangu alikuwa anapaka magoti.

Mfamasia_Zamu_ya_Usiku
Mdogo wangu, hapana. Pilipili ya shambani huwezi kujua ina ukali kiasi gani, na nimeshampokea dirishani mtu aliyejipaka mchanganyiko kama huo, mgongo umejaa malengelenge.

Mama, shikamoo. Kwanza nikuondoe hofu: kuwaka siku za mwanzo ni kawaida ya dawa hii. Virusi vya tetekuwanga uliyougua utotoni hubaki vimelala kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu. Vikiamka ndiyo mkanda wa jeshi, na mshipa ukiharibika hubaki unapiga kelele hata ngozi ikishapona. Ndiyo maana diklofenaki haikufua dafu, ile ni ya uvimbe. Kapsaisini hukamata kile kipokezi kwenye ncha za mishipa kinachotambua joto kali. Aliyekigundua, David Julius wa Marekani, alipewa Nobel ya tiba mwaka 2021, na alikigundua kwa kutumia hiyohiyo kapsaisini ya pilipili. Mshipa huwaka mwanzoni, ukichokozwa kila siku hupoa na kupunguza kupeleka habari ya maumivu.

Kosa lako ni hapo pa "asubuhi na jioni". Inatakiwa mara tatu hadi nne kwa siku, kila siku. Ukiipaka kwa kurukaruka unabaki na moto wake bila kuonja faida. Paka kidogo, utando mwembamba, kwenye ngozi nzima tu, isiyo na kidonda wala mchubuko. Usioge maji ya moto kabla wala baada ya kupaka, usifunge bandeji, usiweke chupa ya maji moto. Vaa glavu. Ikigusa mkono, usikimbilie maji: pilipili haiyeyuki kwenye maji. Futa kwa mafuta ya kula, kisha nawa kwa sabuni. Na uzi mama, mpe mwanafunzi wako akutungie!

Ipe wiki sita mpaka nane kabla hujaihukumu. Ila ngozi ikitoa malengelenge, acha siku hiyohiyo.

Ipo pia plasta ya lidokaini, dawa ya ganzi, ya asilimia 5: inakaa mwilini kwa muda wa saa 12, kisha unaibandua na kupumzika saa 12 nyingine. Haiunguzi, na inazuia nguo isiguse. Upatikanaji wake ndio mtihani, na bei. Ukirudi kwa daktari muulize pia kuhusu amitriptilini, kidonge kinachotumika kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, dozi ndogo ya usiku. Mwambie kama una shida ya moyo au presha ya macho. Krimu peke yake mara nyingi haitoshi.

Mzee_wa_Sukari
Mama pole. Mimi nina sukari mwaka wa 14, nyayo zangu zinawaka usiku kama nimekanyaga makaa. Krimu hiyo nilitumia wiki saba. Kuwaka kumepungua, nalala. Ganzi iko palepale, haijali krimu wala nini.

Wenye sukari mnaosoma hapa, sikilizeni kisa changu. Kabla ya krimu nilijichua dawa ya kuchua, kisha nikatumbukiza miguu kwenye beseni la maji moto. Sikusikia kitu. Mke wangu ndiye aliyeona ngozi inabanduka. Kidonda kile kilinikalisha miezi miwili. Siku hizi maji anayapima yeye kwa kiwiko, na nyayo nazikagua kwa kioo kabla ya kupaka chochote.

MamaCherehani
Marahaba wanangu, na Mzee, asante. Narudi baada ya wiki tano. Nilipaka mara nne kwa siku kama saa ya kengele. Wiki ya kwanza nilimlaani mpwa wangu kimoyomoyo. Wiki ya tatu moto wa krimu ukawa mwasho tu. Daktari amenipa amitriptilini miligramu 10 usiku. Mdomo unakauka, lakini nalala mpaka adhana.

Maumivu hayajaisha. Kwenye kumi yalikuwa tisa, sasa niseme matano. Shuka nalivumilia, khanga naivaa vizuri. Sidiria bado. Jana nimemaliza gauni la satini la mteja, nikalijaribu mwenyewe mbele ya kioo. Nikakaa nalo mpaka chai ikachemka, ndipo nikalivua.

Mfamasia, tyubu inakaribia kuisha. Nikikosa ya 0.075, ile ya 0.025 wanayouza kwa ajili ya magoti itanifaa?